Bega la Ngano

Kosa langu la kwanza jikoni lilikuwa kumwaga nyama. Mama alinipa donge la unga wa ngano, akaniambia nilifue kwenye beseni mpaka maji yaache kuwa meupe, na mimi kwa bidii nikalifua mpaka donge lenyewe likaisha. Nilibaki na maji yanayofanana na maziwa na vidole vinavyonata. Sikuwa nimelipumzisha. Unga uliokandwa sasa hivi bado haujashikana, ukiuingiza majini na kuusugua unakimbia wote. Lakini ukiulaza ndani ya maji kwa muda wa kwenda bombani na kurudi, unakuwa umekubali kuwa kitu kimoja. Hilo nililijua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba nilikabidhiwa nyama ya mama nikaimwaga chini ya mpapai, na nililia mpaka jirani akachungulia kuuliza nani amefariki.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, afadhali niseme mapema. Ujumbe wa simu nausoma na kuusoma kabla ya kuutuma, na nikishautuma nausoma tena kutafuta nilipokosea. Kupika sikusomea, kuandika sikusomea. Vyote nimejifundisha kwa kuharibu. Juzi nilikuwa peke yangu kwenye chumba ninachopanga hapa Bariadi, nafua ngano. Nikabadilisha maji, nikabadilisha tena, na ile harufu ya unga uliolowa ikapanda, harufu iliyo katikati ya chaki na maziwa yanayoanza kuganda. Nikabaki nimeinama, mikono ndani ya beseni. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili tena, na mama yangu alikuwa karibu kurudishwa kwao.

Mama alizaliwa Lagangabilili, katika nyumba inayosali Jumamosi. Alipoolewa na baba, ambaye kwao Nkololo ni Wakatoliki wa ng'ombe na pamba, alikuja na Jumamosi yake na hakuna aliyemsumbua. Nyama alikula kama watu wote. Kisha kanisani kwao akaja mwalimu wa afya, mama mmoja mnene mwenye kicheko, akawafundisha wanawake kutoa nyama kwenye ngano. Mama alirudi jioni ile na kipande ndani ya kopo la majarini, akakiweka mezani, akamwambia baba kwamba ameamua: nyama ya mnyama basi. Hakutoa hotuba. Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mtu wa maneno machache na kucha nyeusi. Alikibonyeza kile kipande kwa kidole, kikarudi mahali pake.

"Kinapumua," alisema, akaendelea na dagaa wake.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, nyama ya ngano hutoka hivi. Unakanda unga na maji na chumvi kidogo, mgumu kuliko wa chapati. Unaulaza majini. Kisha unaufua ndani ya beseni kama unavyofua soksi, unaminya, unakunja, unaminya, na maji yanageuka meupe, unamwaga, unaweka mengine. Donge linasinyaa. Katikati ya kazi linachanika chanika, linakuwa kama ubongo wa mbuzi, na hapo wengi hukata tamaa. Usipokata tamaa vipande vinarudi kushikana, na mwishoni unabakiwa na kitu cha rangi ya udongo mkavu, kinavutika kama bigijii, hakiyeyuki hata ukikifanya nini majini. Hicho unakichemsha polepole kwenye supu ya vitunguu, tangawizi na chumvi. Kinavimba. Ukikikata kina nyuzi nyuzi kama mnofu.

Maji ya kwanza, yale mazito, mama hakuyamwaga. Aliyaacha yatulie, mengine akapikia uji, mengine akakazia kola ya shati langu la shule, ikasimama kama ya mkuu wa wilaya. Wenzangu walinicheka. Mimi nilitembea shingo wima kwa kuogopa kuivunja.

Lakini nilielewa vingine. Nilidhani ngano ina nyama ndani yake, imejificha, na ule weupe wote ni uchafu unaoifunika. Kwa hiyo nikajiambia kwamba kila kitu kina nyama, ila watu ni wavivu wa kufua. Nikaanza majaribio. Nilifua ugali uliolala, ukaisha. Nilifua unga wa muhogo, ukaisha, nikachapwa. Nilifua udongo wa kichuguu, huo ukabakisha kitu kigumu chini ya kopo, nikadhani nimefanikiwa, nikamwonjesha mtoto wa jirani. Alitafuna kwa heshima, akasema haijaiva.

Sasa lazima nieleze jinsi nyama ilivyogawanywa Nkololo, maana ndipo jambo lenyewe lilipo. Pamba ikishauzwa, Guku, yaani babu yangu mzaa baba, alichinja fahali, na kaya nzima ilirudi nyumbani. Nyama haikuingia jikoni kabla ya kugawanywa. Ililazwa juu ya matawi yenye majani, mafungu mafungu, na kila fungu lilikuwa na mwenyewe. Nundu ya Guku. Kidari cha Sengi, ndivyo tunavyomwita shangazi, dada yake baba. Mbavu za watoto wa kiume wa kaya. Shingo ya wachungaji. Kaya nyingine zina mpangilio wao, huu ulikuwa wetu. Wakamwana, wake za watoto wa kiume, walipewa bega, na Guku alipenda kusema ni kwa sababu wao ndio wanaobeba.

Mwenye kisu alikuwa baba mdogo Jilala. Aliita, na aliyeitwa alikuja, wanawake kwa kupiga goti, akapokea kwa mikono miwili, akasema "wabeja", asante, akaondoka na fungu lake. Kwangu mimi ilikuwa kama kuitwa majina shuleni. Ukiitwa, ukaitika, unajua kwamba upo.

Mwaka ule mama alipoacha nyama, Jilala aliita, "Shemeji wa Bariadi! Bega lako!"

Mama alijibu kutoka jikoni, kwa sauti yake ya upole: "Mnisamehe shemeji. Mimi nyama nimeacha."

Jilala alidhani hakusikia vizuri, akaita tena. Jibu likawa lile lile. Akaita mwingine. Watu walichukua mafungu yao mpaka matawi yakabaki matupu, isipokuwa lile bega. Nililikodolea macho. Nzi walikuja. Hakuna aliyeligusa kwa kuwa halikuwa lake, na aliyekuwa mwenyewe hakulitaka. Mwishowe mbwa alilivuta kwa upande, akaondoka nalo nyuma ya zizi, na hakuna aliyemfukuza. Guku aliona. Aligeuza uso wake akatazama ng'ombe.

Baada ya hapo nilianza kusikia mambo. Sengi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mbuga; hata aliponong'ona alisikika. Msimu uliofuata, pamba ilipokuwa imeanza kuchumwa, alipita kwetu Bariadi akamkuta baba nje anafungua mota. Mimi nilikuwa ndani nachambua maharage karibu na dirisha.

"Kaka, mimi sina ugomvi na mkeo," alisema. "Lakini mbwa amekula fungu la nyumba yako. Umewahi kuona wapi?"

"Hali nyama, dada. Ni imani yake."

"Imani? Mimi nimeuliza imani? Mtu asiyepokea fungu lake amejitoa mwenyewe. Zamani wa hivyo alirudishwa kwao mchana kweupe, na watu wakimwangalia."

"Wewe nawe."

"Mimi nawe nini? Mzee hasemi, lakini ameumia. Mwaka huu wifi akiitwa akakataa tena, msije kuniuliza mimi."

Baba alipuliza vumbi kwenye mota. Akaendelea kufungua skrubu, na hilo ndilo lililonitisha. Mimi nilijua maana ya kurudisha. Sufuria ya kuazima hurudishwa. Jembe hurudishwa. Hata ukilipenda jembe, mwenyewe akilitaka unalisugua, unampelekea. Nilimwona mama amesuguliwa, amekaa kwenye basi la Lagangabilili na beseni lake magotini, na sisi tumebaki na baba na dagaa.

Sikumwambia mtu. Hilo ndilo tatizo la watoto wa aina yangu. Tunaamini kwamba jambo tukilisema ndipo linakuwa la kweli. Badala yake nikawa mtoto mwema kupita kiasi. Nilifagia uwanja mpaka udongo mwekundu wa chini ukaonekana. Kila jioni nilificha sandali za mama chini ya gunia la mpunga, ili asiweze kurudishwa ghafla, na kila asubuhi alizitafuta akinung'unika kwamba nyumba hii ina panya wenye miguu mikubwa.

Kisha nikafikiri. Nilifikiri kama fundi, kwa kumwangalia baba: mashine isipofanya kazi, tafuta kifaa kinachokosekana. Siku moja mama alipokuwa anafua ngano nilichuchumaa pembeni.

"Mama, nyama yako ina kidari?"

"Haina."

"Ina nundu?"

"Nundu itoke wapi, na hii ni ngano?"

"Bega je?"

"Haina bega, haina mkia, haina kwato. Ndiyo uzuri wake. Lete chumvi."

Nilileta chumvi, na moyo ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kifaa kinachokosekana nilikuwa nimekipata. Mama hakuwa amewakataa watu wa Nkololo. Ni kwamba nyama yake haikuwa na bega, kwa hiyo akiitwa alikuwa hana cha kupokea. Angekuwa na bega lake la ngano, angeitwa, angetoka, angepiga goti, mambo yangeisha. Nilishangaa kwamba watu wazima hawakuliona jambo rahisi kama hilo.

Nilimwomba mama anifundishe kufua vizuri. Alifurahi, akadhani nimependa kupika. Ndipo nilipomwaga ile nyama ya kwanza chini ya mpapai. Nilirudia. Mara nyingine niliogopa isije ikayeyuka nikaacha mapema, ikawa na ladha ya unga mbichi. Mara nyingine nikafua mpaka ikawa ngumu kama soli. Mwishoni maji yenyewe si meupe tena wala si safi kabisa, daima yana ukungu kidogo, na mimi nilikuwa sijui niache wapi. Mama alikuja akatia mkono kwenye beseni.

"Inatosha," alisema.

"Bado hayajawa kama ya bomba."

"Hayatakuwa kamwe. Ukiona vidole vyako chini ya maji, inatosha."

Siku moja kabla ya kwenda Nkololo, mama alifua ngano nyingi ya kubeba, maana alijua kule hatakuwa na cha kula. Aliniachia kipande kikubwa nichezee. Nilienda kwa jirani nikaomba gunzi la muhindi, nikalisugua na mchanga, likawa mfupa. Nikalizungushia ngano nikiivuta na kuikunja, upande mmoja mwembamba na mpana, upande wa pili mnene, kama nilivyokumbuka lile bega lililoliwa na mbwa. Kila nilipoipa umbo ilirudi nyuma taratibu, kama inayopiga miayo. Nikaifunga na uzi. Nikaichemsha kwenye supu ya mama, na nikaiongezea majani ya chai ili iwe nyekundu. Ikawa ya rangi ya kiatu. Mama aliitazama kichwa upande.

"Ni nini hiki, gari?"

"Ndiyo," nilisema. Sikutaka aharibu mpango kwa kuujua.

Niliifunga kwa kitambaa, nikaiweka kwenye mfuko wangu wa shule.

Tulifika Nkololo asubuhi, umande haujakauka. Guku alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, blanketi mabegani.

"Mwangaluka, Guku."

"Mwangaluka, ngosha. Mhola?"

"Mhola duhu."

Ngosha ni mwanamume. Hakuna aliyeniita hivyo isipokuwa yeye. Mama alipiga goti mbali kidogo, macho chini, akamsalimu bila kumtazama. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawazungumzi ana kwa ana zaidi ya salamu, maneno yao hupitia kwa mtu mwingine, mara nyingi kwa mtoto. Guku aliitika kwa upole. Nilipekua sauti yake nikitafuta hasira, sikuipata, nikapata uchovu tu.

Fahali alichinjwa, matawi yakakatwa, mafungu yakapangwa. Nilijua mahali pa bega la mama kwa kuwa Jilala hupanga kwa utaratibu ule ule. Watu walipogeuka kumwagia maji mahali pa kuchinjia, nilitoa langu kwenye mfuko nikaliweka pale, juu ya lile bega jekundu. Kati ya nyama mbichi yote ile lilionekana kama kitu kilichoanguka kutoka kwenye gari la mtu. Nikarudi kusimama, mikono nyuma.

Jilala alianza kuita. Nundu ilikwenda. Kidari kilikwenda. Alipofika kwetu alivuta pumzi, na niliona kwamba hata yeye aliogopa.

"Shemeji wa Bariadi!"

Akainama kuchukua. Akasimama. Akainama tena.

"Jamani," alisema, "huyu fahali alikuwa na mabega mangapi?"

Watu walisogea. Alilinyanyua, uzi ukining'inia.

"Hili lina gunzi!" mchungaji mmoja alipiga kelele.

"Basi alikula shamba la mtu," Jilala alisema, "akafa na ushahidi."

Kicheko kilizunguka uwanja mzima. Kisha kikaisha, kwa sababu Sengi hakucheka. Alikuwa amekitambua kile kitu.

"Wifi!" aliita. "Hebu toka huko jikoni! Mwaka jana umetukatalia, mwaka huu umetuletea andazi juu ya fahali wa baba? Unatukejeli?"

Mama alitoka akifuta mikono kwenye kitenge. Aliliona bega. Aliniona mimi. Uso wake ulielewa kila kitu kwa mara moja, nami nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba nilikuwa sijamwokoa. Nilikuwa nimempakia kwenye basi kwa mikono yangu mwenyewe.

"Mnisamehe," mama alisema, akitazama chini. "Ni langu."

Alisema hivyo bila kusita. Baba alisimama, akakaa, akasimama. Guku alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Zizini ng'ombe walikuwa wakicheua.

"Si la mama," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Ni mimi. Nyama ya mama haina bega. Nimeitengenezea, ili akiitwa awe na cha kupokea. Ili asirudishwe."

"Nani amesema anarudishwa?" Sengi aliuliza.

"Wewe, Sengi."

Jilala alikohoa kuficha kicheko. Sengi alikuja kwa hatua zake ndefu, akamnyang'anya Jilala lile bega, akalizungusha mkononi, akapapasa uzi, akapapasa gunzi. Kisha akamega kipande akakitia mdomoni. Alitafuna. Alitafuna tena. Wote tulimtazama taya.

"Inavutika," alisema. Akatafuna. "Ina tangawizi." Akameza. "Gunzi umelitoa wapi?"

"Kwa jirani."

"Umelisugua?"

"Kwa mchanga."

Pua yake ilianza kutetemeka, na Sengi alipocheka, alicheka kwa ile sauti ya ng'ambo ya mbuga, akishika goti.

"Nipe na mimi," Guku alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Baba, wewe utaifanya nini? Huna meno." Akataka kuendelea na kicheko, akakwama hapo. Alimtazama baba yake kama anayemwona upya. "Huna meno. Nundu ya mwaka jana aliila nani?"

"Wachungaji."

"Na ya mwaka juzi?"

"Hao hao. Mimi tangu lini naiweza nyama?"

"Na leo umeipokea."

"Ni yangu," Guku alisema, na alionekana kukerwa kidogo na swali. "Kwa nini nisiipokee?"

Sengi aligeuka taratibu kumwelekea mama.

"Wifi, umemsikia mzee? Nani hapa amekuambia ule? Mimi nakuambia upokee. Ukishapokea mpe unayemtaka. Mpe hata paka!"

"Nilidhani," mama alisema, "nikipokea huku najua sitakula, nitakuwa nawadanganya. Niliona bora niseme kweli."

"Na sisi tuliona umetudharau. Mwaka mzima tumenuniana kwa ajili ya bega!" Sengi alimpiga Jilala mgongoni. "Wewe, umeganda nini? Mwite mtu vizuri."

Jilala alinyoosha shati lake lenye damu. "Shemeji wa Bariadi! Bega lako!"

Mama alikuja. Alipiga goti kwenye yale majani, akanyoosha mikono miwili, na Jilala akamwekea bega la kweli, zito, lenye mafuta ya njano pembeni. Damu ilimtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Wabeja," alisema. Akasimama nalo, na kwa muda hakujua la kufanya. Kisha akatembea mpaka kwa mke wa mchungaji mmoja aliyetoka mbali, ambaye katika kaya ile hakuwa mkamwana wa mtu yeyote na siku zote alisimama nyuma wakati wa mafungu. Akampa. Yule mwanamke naye akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili.

Baba alikuwa anatazama juu, mahali pasipo na kitu.

Bega langu lilizungushwa mkono kwa mkono mpaka likabaki gunzi. Wengine walisema ni tamu, wengine walisema ni kama kutafuna mkanda uliopikwa vizuri. Jilala aliniita pembeni akaniambia, kwa uzito wa mtu wa kazi, kwamba nimelikosea: upande mpana wa bega hukaa juu, mimi nilikuwa nimeuweka chini. Jambo hilo lilinisumbua kwa miaka. Nikiwa mkweli, bado linanisumbua kidogo.

Mama hakunigombeza. Jioni, tukisubiri usafiri, alinivuta nikaegemea paja lake, na mikono yake ilikuwa bado ina harufu ya damu, harufu ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu alipoacha. Nilimuuliza kama Lagangabilili ni mbali.

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Si mbali," alisema. "Lakini mimi siendi."

Kila mwaka baada ya hapo aliitwa, akatoka, akapiga goti, akapokea, akampa mtu. Ilifika wakati watu walianza kubahatisha nani atapewa bega la mke wa fundi, na wapo waliomsalimu kwa unyenyekevu usio wa kawaida siku ile ikikaribia. Sengi mwenyewe alilipata mwaka mmoja, pamoja na kidari chake, akatembea navyo mbele ya wifi zake wengine kama bibi harusi.

Nimeyafikiria sana mambo haya kuliko yanavyostahili. Nilikuwa nimekosea karibu kila kitu: nyama haikujificha ndani ya ngano, mama hakukosa bega, na basi la Lagangabilili pengine halikuwahi kuwepo isipokuwa kichwani mwangu na kwenye ulimi wa Sengi aliyekasirika. Jambo moja tu nililiona sawasawa, nalo nililiona kwa sababu nilikuwa mtoto mwoga: kwamba mtu anaweza kukaa jikoni kwake mwenyewe, mikono imejaa kazi, na bado akawa anasubiri kusikia kama ataitwa.

Guku amefariki. Sengi magoti hayamruhusu tena kusafiri. Ng'ombe wamepungua, zizi limekuwa bustani ya mchicha, na tukikutana Nkololo nyama inanunuliwa kwa kilo buchani Bariadi, inaletwa kwa bodaboda, inapikwa ndani ya sufuria moja kubwa. Vyakula vinapangwa mezani kwenye mahotipoti na kila mtu anajipakulia. Ya ngano ninaipika mimi, na huisha mapema kuliko ya ng'ombe. Hakuna anayeita mtu. Mara ya mwisho mama alikaa kwenye kiti cha plastiki na sahani yake, akawatazama vijana wakipanga foleni na vijiko.

"Saa hizi ningekuwa nimeshaitwa," alisema.

Nyama hajaila miaka yote hii, na katika kaya nzima ni yeye tu anayeulizia fungu lake.